Amesaini kwamba hana madai, lakini bado anadai cheti

SWALI: Nina duka la vifaa vya ujenzi Mwanza. Mtunza stoo wangu, niliyemwajiri Tabora na kumleta huku, amefanya kazi miaka mitatu na miezi minne kwa mshahara wa shilingi 520,000. Wiki mbili zilizopita tulikosana nikamwambia basi. Kabla ya kumlipa mshahara wa mwisho nilimsainisha fomu niliyonunua steshenari, inayosema amejiuzulu kwa hiari na hana madai yoyote. Sasa anataka cheti cha utumishi na barua ya kupeleka NSSF. Nalazimika kumpa?

JIBU: Unalazimika. Cheti hakisubiri funguo zirudi, wala hesabu ya stoo ikamilike, wala hasira zako zipoe. Kinataja tu alifanya kazi gani kwako, tangu lini hadi lini. Si barua ya kumsifia, kwa hiyo sijui waajiri wanakibania kwa nini. Barua ya NSSF nayo mwandikie, na iseme ukweli: umemwachisha.

Na hapo ndipo fomu yako inapoanza kukuumbua. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba ulimwambia basi, halafu fomu inasema ameacha kwa hiari. Fomu hizi naziona kila wiki, maneno yaleyale, mpaka makosa ya tahajia ni yaleyale. Anayeziuza hajawahi kukaa mbele ya mwamuzi wa CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayosikiliza migogoro ya kazi, akaulizwa: huyu alijiuzulu saa ngapi, na kwa nini alisaini siku ileile aliyokuwa anasubiri mshahara wake? Pande mbili zinaweza kukubaliana kumaliza mgogoro, hilo lipo. Lakini saini iliyopatikana kwa kumshikia mtu hela yake ya jasho si makubaliano, na kujiuzulu kwa kulazimishwa huhesabiwa kuwa ni kuachishwa.

Sasa tazama fomu hiyo ilikusudia kufuta nini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka anayeachishwa alipwe siku alizofanya kazi, likizo ambayo hakuichukua, notisi kama hakupewa (kwa mshahara wa mwezi ni siku 28, kwa maandishi, yenye sababu), kiinua mgongo, na kurudishwa yeye na mizigo yake alikoajiriwa au alipwe nauli. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, usizidi miaka kumi. Kama 520,000 ndiyo mshahara wa msingi na mnafanya kazi siku sita kwa wiki, gawa kwa 26, unapata 20,000 kwa siku. Miaka mitatu ni siku 21, yaani 420,000. Miezi minne ya ziada haihesabiki hapa. Kiinua mgongo hakilipwi kwa aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu, ila "tulikosana" si utovu wa nidhamu mpaka uuthibitishe, na mzigo wa kuthibitisha uko kwako.

Ana siku 30 tangu alipoachishwa kufungua mgogoro wa kuachishwa isivyo halali, na 60 kwa madai mengine. Bado yumo ndani ya muda. Mwite, mpigieni hesabu pamoja, mlipe kwa benki, umpe karatasi zake.

Nawaambia na wengine mnaosoma hapa: faili la mfanyakazi halitupwi siku anapoondoka. Mkataba wake na kumbukumbu za mishahara vinatunzwa miaka mitano baadaye. Mwajiri asiyeweza kutoa mkataba ulioandikwa, mzigo wa kuthibitisha masharti yake unamwangukia yeye, na fomu ya steshenari haisaidii chochote hapo. Wala usikubali vishoka wakuandikie leo barua ya onyo yenye tarehe ya miezi mitatu nyuma. Hiyo ni kughushi, na kesi yake haiishii CMA.