Vinundu vyeupe kwa aliyepandikizwa figo
Dada wa Lindi uliyeuliza kuhusu baba yako, hivyo vinundu vyake vidoleni vinavyotoa uji mweupe kama chokaa, kwa mtu mwenye figo ya kupandikizwa anayemeza siklosporini (dawa ya kushusha kinga ili mwili usiikatae figo hiyo), yaelekea ni gauti, ugonjwa wa viungo unaoletwa na asidi ya yuriki kuzidi mwilini, iliyofika kwenye ngozi. Dawa hiyo hupunguza uwezo wa figo kutoa asidi ya yuriki, ambayo ni taka ya mwili, nayo hurundikana. Msivitumbue! Kinga yake imeshushwa kwa dawa, kidonda kitaoza upesi. Tena jipu au fangasi huweza kufanana navyo, kwa hiyo uji huo uvutwe kwa sindano, upimwe kwa hadubini.

Kubwa kuliko yote: msinunue alopurinoli, dawa ya kushusha asidi ya yuriki, dukani. Kama anatumia azathioprini, dawa nyingine ya kushusha kinga, mchanganyiko huo hudumaza uboho (sehemu ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu), seli nyeupe za damu zikashuka kiasi cha kuua. Daktari wake wa figo ndiye wa kupunguza azathioprini hadi robo au theluthi ya dozi, au kuibadilisha. Diklofenaki, dawa ya maumivu, nayo huumiza figo. Kolchisini, dawa ya kutuliza gauti, pamoja na siklosporini hudhoofisha misuli.

Lengo ni asidi ya yuriki chini ya miligramu 5 kwa desilita ya damu, na vinundu huchukua miezi mingi kunywea. Uraka (pombe ya mabibo) aache kabisa, dagaa apunguze. Dawa za kuzuia figo isikataliwe na mwili asiruke hata siku moja.