Mwache ashike kipanya mwenyewe

Umesema umepewa walimu wapya watano uwaelekeze kutumia projekta, vishikwambi na programu za kufundishia. Mkafanya semina ya siku nzima, wote wakaitikia kwamba wameelewa, na wiki ya pili vifaa vimerudi kabatini. Nimekaa na walimu wapya kwenye kazi hiyohiyo kwa miaka kadhaa. Nitakujibu kwa nilichokiona.

Mwalimu mmoja wa fizikia alikuwa na kipindi cha saketi za umeme. Alijiandaa kwelikweli. Alipakua jaribio la kuigiza kutoka PhET, majaribio ya bure ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ambalo unaunga betri, nyaya na taa kwenye skrini na kuona taa ya kwanza ikififia ukiongeza ya pili kwenye mfululizo. Akachomeka kebo mbele ya darasa lililojaa, ukuta ukabaki bluu tupu. Akaichomoa, akairudisha. Minong'ono ikaanza. Mimi nilikuwa nyuma. Nikainuka, nikapita katikati ya madawati, nikabonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, nikachagua picha ionekane kote kuwili, na ikaonekana. Wanafunzi wakapiga makofi. Nikarudi kukaa nikiamini nimemsaidia.

Muhula mzima hakuigusa tena projekta. Nilipomuuliza, alinijibu kwa upole: "Wanafunzi wameshajua kwamba anayejua ni wewe."

Neno lile lilinikaa. Tangu siku hiyo sigusi kipanya cha mwalimu mwingine, hata kama naona kabisa pa kubonyeza. Naelekeza kwa mdomo, na anayebonyeza ni yeye, hata ikichukua mara tatu. Mwalimu mpya anaogopa kuonekana hajui mbele ya watoto ambao ndio kwanza wanaanza kumheshimu, na woga huo hautibiwi na semina. Wapo wanaosema vijana hawa wamekulia kwenye simujanja kwa hiyo hawana la kufundishwa. Sikubaliani nao. Kujua kurusha video kwa marafiki ni jambo moja. Kujua uisimamishe wapi na uulize swali gani kabla ya kuendelea ni ualimu, na unajifunzwa.

Kwa hiyo usianze na kifaa. Anza na andalio lake la somo, umuulize: wiki hii, ni sehemu gani wanafunzi huwa hawaelewi? Mwalimu wa hisabati aliniambia ni grafu za y = ax². Tukafungua GeoGebra, programu ya bure ambayo Markus Hohenwarter alianza kuiunda mwaka 2001, tukaweka kitelezi kimoja tu, kile cha kuburuta kwa kipanya ili kubadilisha thamani ya a. Ukikisogeza kulia, mchoro unabana. Ukikirudisha karibu na sifuri, unatanuka mpaka unakaribia kulala. Ukipita upande wa hasi, unapinduka. Ubaoni angehitaji kuchora mara sita au saba, na mikono ingechoka kabla ya hoja kufika. Hakujifunza kitu kingine chochote kwa wiki mbili, na sikumwongezea. Watafiti wa elimu Mishra na Koehler waliandika mwaka 2006 kwamba ujuzi wa teknolojia, wa somo na wa namna ya kufundisha lazima vishikamane. Semina nyingi hubeba cha kwanza na kuviacha viwili nje.

Halafu fanyeni mazoezi ya kuharibikiwa. Hili ndilo ningekusihi ulichukue hata ukiacha mengine yote. Ingieni darasa tupu, yeye afundishe, wewe uvuruge: chomoa kebo, zima intaneti, nyamazisha sauti, ahangaike hapo ambapo hakuna wa kumcheka. Ajue kwamba kebo ya VGA, ile ya kupeleka picha kwenye projekta, haibebi sauti, kwa hiyo spika zichomekwe kwenye kompyuta. Ajue kwamba kitufe cha B kinaifanya skrini ya PowerPoint iwe nyeusi wakati wa onyesho, macho ya wanafunzi yakarudi kwake. Atembee hadi dawati la mwisho asome maandishi yake mwenyewe. Na mkubaliane muda: dakika moja ikipita kifaa hakijakubali, anarudi ubaoni na somo linaendelea.

Jambo moja dogo ambalo wengi hawaambiwi: azime arifa za ujumbe kabla ya kuunganisha, na asiandike nywila wala kufungua orodha ya alama wakati picha iko ukutani. Nimeshuhudia ujumbe wa nyumbani kwa mwalimu ukisomwa na darasa zima, na aliumia.

Yule wa fizikia tulianza naye upya kwenye darasa tupu. Baadaye kebo ilimlegea tena katikati ya kipindi, nami niko palepale nyuma. Aliwaambia wanafunzi: "Andikeni daftarini, nikiongeza taa ya tatu, ya kwanza itakuwaje, na kwa nini?" Wakainama kuandika. Akaikaza kebo, akabonyeza vitufe vyake viwili. Picha iliporudi, nusu ya darasa walikuwa bado wanabishana kuhusu ile taa, hata hawakutazama ukutani.

Kwa hao watano wako, nisingeitisha semina ya pili. Ningewapanga wawili wawili kwa masomo yanayokaribiana, na wa tano ningekaa naye mwenyewe. Kila mmoja achague kipindi kimoja na kifaa kimoja, afanye jaribio kwenye darasa tupu, kisha mwenzake akae nyuma siku ya somo bila kuinuka. Muombe mkuu wa shule funguo za kabati zikae ofisi ya walimu, maana nimeona nia nzuri ikifia kwenye kumtafuta mwenye funguo. Wiki ya tatu niandikie ni nani kati yao bado hajaligusa kabati, tumwangalie huyo kwanza.