Faida inaweza kukua hata mauzo yakisimama

Ndugu, umeuliza kama karakana yako ya samani inaweza kuongeza faida wakati wateja ni walewale na bei haipandi. Inaweza, tena kwa kasi kuliko unavyodhani. Tuseme unauza 100, gharama ni 90, unabaki na 10. Ukipunguza gharama kwa 3 tu, faida inakuwa 13, yaani imekua kwa asilimia 30. Kwa njia ya mauzo, gharama zikipanda sambamba nayo, ungehitaji kuuza 130 ili ufike hapohapo.

Usikimbilie kununua mashine mpya. Simama karakanani uangalie kazi zinarundikana wapi. Umesema meza zilizokwisha kuungwa hupanga foleni kwa fundi wa kupaka vanishi. Basi hapo ndipo pa kuanzia. Ukimwongezea kasi fundi wa kukata mbao, utaongeza rundo tu, na mtaji wako utalala humo. Fundi wa vanishi asitafute brashi wala kupiga msasa. Msaidizi amwandalie kila kitu kabla.

Ndivyo Toyota, kampuni ya magari, karibu na mwaka 1970, ilivyoshusha muda wa kubadilisha kalibu za mashine kubwa ya kukandamiza mabati kutoka saa 4 hadi dakika 3, sehemu kubwa kwa kuandaa vifaa mashine ikiwa bado inafanya kazi.

Kufukuza watu sikushauri. Mafundi wakiona wazo zuri linamnyima mwenzao kazi, hutasikia wazo jingine.