Ngezi na Vumawimbi kwa Siku Moja: Kabla ya Bei, Uliza Mwezi

Mara ya kwanza tulishuka bandari ya Mkoani, kisiwani Pemba, jioni, watu wanne tuliochangishana kazini, na gari ilipoanza kupanda vile vilima kuelekea Chake Chake mwezi ulikuwa umeshatoka juu ya mikarafuu, mkubwa kama sinia. Tukasimamisha gari, tukapiga picha, mmoja wetu akasema hii ni ishara kesho itakuwa siku njema. Hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba ule mwezi mpevu tunaoupiga picha ndio utakaotuharibia safari.

Kesho yake kampuni iliyotuchukua ilitupeleka kaskazini kwa mpango ulioandikwa vizuri kwenye karatasi: asubuhi bahari ya Vumawimbi, mchana chakula, alasiri msitu wa Ngezi. Tulifika ufukweni saa nne. Mchanga mweupe umejipinda, hakuna mtu isipokuwa wavuvi wawili wanashona nyavu. Bahari ndiyo haikuwepo. Ilikuwa kule mbali, msitari wa povu, na kati yetu na yenyewe kulikuwa na mchanga uliolowa, majani ya bahari, mawe na vidimbwi. Tukavua viatu tukaifuata. Nilipofika maji ya magotini nikakanyaga mmoja wa wale wadudu weusi wa miiba mirefu. Kuogelea kwangu kukaishia hapo. Saa nne na nusu nilikuwa nimekaa juu ya kanga, mguu mapajani kwa mwenzangu, yeye akinichokoa miiba kwa pini ya mtandio.

Mchana tukaingizwa msituni nachechemea. Basi.

Nimerudi mara mbili tangu hapo, na watu wananiuliza sana kuhusu safari hii kwa sababu ndiyo njia rahisi ya kupata msitu na bahari siku moja bila kukimbizana. Ngezi iko Wilaya ya Micheweni, Mkoa wa Kaskazini Pemba. Ukishapita mji wa Konde barabara inaingia msituni yenyewe, miti inakufunika juu, na ukitokea upande wa pili uko kwenye rasi ya Kigomasha yenye bahari pande zote mbili. Vumawimbi iko mashariki, Verani magharibi. Kutoka chini ya mvule hadi mchangani kwa gari ni muda mfupi tu. Kwa hiyo swali la maana ni nini kitangulie, na jibu lake linabadilika kila siku.

Mara ya pili nilimpata mwongozaji kwa simu, mzee wa huko huko. Nilikuwa nimejiandaa kubishana bei. Baada ya salamu akaniuliza, "Mwanangu, siku hiyo unayotaka kuja ni mwezi wa ngapi?"

Nikamjibu, "Mwezi wa tatu, mzee."

Akacheka mpaka akakohoa. "Huo wa ofisini mwenyewe naujua. Nakuuliza huu wa juu."

Nikafungua kalenda ya Kiislamu kwenye simu, nikahesabu, nikamwambia ishirini na mbili. Akasema, "Vyema. Basi tutaoga kwanza, msitu baadaye." Unaona? Ratiba ile ile iliyonitia miiba! Kampuni ile haikukosea mpangilio, ilikosea siku. Karatasi yao ilikuwa ya mwezi ishirini na mbili, wao wakaitumia mwezi kumi na tano.

Hesabu yenyewe si ngumu, na ukiielewa hakuna atakayekudanganya pwani yoyote ya kwetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndiyo bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti ya kina inaweza kukaribia mita nne. Siku hizo maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata saa husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Baada ya wiki moja mambo yamegeuka kabisa: maji yanajaa mnamo saa nne asubuhi na kupwa saa kumi jioni, ila sasa ni maji mafu, hayajai sana wala hayaendi mbali. Kwa hiyo ukiwa kwenye bamvua, anza na msitu asubuhi, kisha shuka baharini saa nane au saa tisa maji yakiwa yanapanda. Ukiwa kwenye maji mafu, oga asubuhi, msitu uwe wa jioni. Siku za katikati muulize mwongozaji, na kama anakujibu "bahari ipo tu siku zote", shukuru, kata simu, tafuta mwingine.

Jambo la pili la kumuuliza ni upepo. Kusi likivuma, Vumawimbi inastahili jina lake. Imeelekea mashariki na wimbi linaingia moja kwa moja. Mwongozaji anayeijua kazi atakuhamishia Verani, upande wa magharibi, ambako rasi yenyewe inakinga. Hapo hapo usisahau kwamba hakuna mlinzi wa waogaji, hakuna boya, na hospitali si ya jirani. Asiyejua kuogelea aishie maji ya kiunoni, na anayejua asiende peke yake. Mimi najua kuogelea kwa kiwango cha kujiokoa mwenyewe tu, simwahidi mtu mwingine.

Msitu sasa. Watu wengi wa Bara niliokwenda nao wanauingia Ngezi wakitegemea wanyama wakubwa, wanatoka wamenuna. Hakuna simba huko, hakuna tembo. Kilichopo ni vitu ambavyo havipatikani kwingine, na sababu yake inavutia kuliko simba. Unguja imekaa kwenye kina kifupi karibu na Bara, lakini kati ya Pemba na Bara kuna mkondo wenye kina cha mamia ya mita. Pemba imejitenga miaka mingi sana, viumbe wake wakabaki na mambo yao. Kuna ninga wa Pemba, kuna chozi wa Pemba, kuna bundi mdogo wa Pemba mwenye rangi ya kutu, kuna popo wa Pemba anayekula matunda, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa yanazidi mita moja na nusu. Popo huyu aliwahi kuwindwa kwa kitoweo hadi akakaribia kwisha, na vijiji vyenyewe ndivyo vilivyogeuka vikaanza kumlinda. Ukitaka kuwaona kwa wingi nenda Kidike, lakini iwe siku nyingine. Usikubali kuchomekewa Kidike katikati ya Ngezi na Vumawimbi kwa kuwa "iko njiani", utamaliza siku ndani ya gari.

Mimi kilichonikamata ni mpapindi. Mzee alisimama mbele ya mti mwembamba wa jamii ya mnazi, wenye shina la pete pete kama mwanzi, akaupiga kofi kidogo kama anavyopigwa mtoto begani. "Huyu," akasema, "ukimwona mahali pengine, jua ameibiwa." Mpapindi huota Pemba tu, na ndugu zake wa karibu karibu wote wako Madagaska na Komoro. Niliushika. Laini, baridi, na chini ya vidole nikahisi zile pete moja moja, kila moja ni alama ya kuti lililodondoka. Siku ya kwanza nilipita hapo hapo nachechemea, sikuuona.

Njia inayotembelewa zaidi si ndefu wala haina kupanda, hata mtu wa umri mkubwa anaimudu, na ndani yake utakuta mabaki ya kiwanda cha kupasulia mbao cha enzi za Waingereza, chuma kimeliwa na kutu na mizizi imekipitia. Ukibahatika utaona tumbili. Kima punju, wale kima wekundu, wapo wachache, waliletwa kutoka Unguja miaka ya 1970, usiwawekee moyo. Nenda polepole, simama sana. Mwongozaji anayetembea haraka amechoka kukuona. Na mkipita mahali penye vitambaa vimefungwa, vyungu au vitu vilivyoachwa chini ya mti, usiguse, usipige picha kwanza ndipo uulize. Watu wa hapa wana sehemu zao humo ndani tangu kabla hujazaliwa.

Kuhusu mavazi, nitasema niliyojifunza kwa ngozi yangu. Ukitoka baharini ukaingia msituni bila kujisuza, chumvi na jasho vitakukwangua mapaja mpaka utembee kama bata. Beba dumu la maji yasiyo ya chumvi la lita tano liwe garini kwa ajili ya kujisuza tu, mbali na ya kunywa. Msituni vaa suruali ndefu na viatu vya kufunga, soksi juu ya suruali, maana siafu wa Ngezi hawana subira. Nguo za kuogea zibaki ufukweni. Ukipita kijijini jifunge kanga au kikoi, mwanaume vile vile, asitembee kifua wazi dukani Konde. Baharini vaa yeboyebo au viatu vingine vya plastiki. Mtu akikwambia mchanga ni safi huhitaji, mwonyeshe mguu wangu.

Chakula chukua Chake au Konde. Ufukweni usitegemee kibanda. Mimi hubeba chapati, pweza wa kukaanga, ndizi, na maji lita tatu kwa kila mtu, na nikirudi sijawahi kumwaga. Mwezi wa Ramadhani safari hii inawezekana, lakini usile wala kunywa mbele za watu, na usimtarajie mwongozaji aliyefunga akutembeze saa saba mchana. Siku ya Ijumaa kubalianeni mapema kwamba mchana kuna mapumziko ya sala. Masika msituni ni tope na barabara za ndani zinakorofisha. Juni hadi Oktoba ni kukavu ingawa kusi linavuma, na karafuu zikiwa zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara utafika Konde ukinukia kama pilau.

Bei sitaandika kwa sababu hubadilika, na raia, mkaazi na mgeni hawalipi sawa. Ila kabla ya kutoa pesa taka majibu ya mambo manne: kiingilio cha msitu kimo? Gari itatusubiri au inatushusha na kuondoka? Mwongozaji wa msitu ni yule yule wa bahari? Matembezi ya usiku yanalipiwa kando? Hilo la mwisho wengi hawaliulizi, nami nilikaribia kulikosa.

Siku ile ya mwezi ishirini na mbili tulioga kuanzia saa tatu unusu. Maji yalikuwa yamefika kwenye mchanga mkavu, ya kijani kibichi, yamesimama. Wavuvi wakatuuzia samaki changu, dereva akawasha moto wa makuti. Tukalala kidogo kivulini. Saa tisa alasiri tukaingia Ngezi, jua limelegea, ndege wameanza kurudi, na tulipomaliza njia ya kawaida mzee akasema tusitoke, tukae.

Mdogo wangu nilikuwa nimemficha habari ya bundi. Kwetu akilia juu ya paa hatulali, shangazi angeshatafuta chumvi ya kutupa motoni. Giza lilipoingia kweli, likatoka juu ya vichwa vyetu: huu. Kimya. Huu. Mwingine akamjibu ng'ambo ya njia, na kisha wakaanza kupokezana haraka haraka kama wanawake wanaotwanga kinu kimoja. Mzee akawasha tochi, akaielekeza kwanza kwenye majani ya pembeni ili asimtie kiwewe, halafu akaisogeza taratibu. Ndege mwenyewe hazidi ngumi zangu mbili, rangi ya tofali, ametukodolea macho ya njano.

Mdogo wangu alikuwa amenishika mkono mpaka kucha zimeniingia. Nikasubiri aseme tuondoke. Akaninong'oneza, "Dada, mwambie asizime tochi."