Mama anasema maumivu ni "mbili", lakini hataki kujigeuza

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu katolewa kizazi, leo siku ya pili yuko wodini. Akiulizwa maumivu ni ngapi kati ya sifuri na kumi, anajibu mbili, na presha yake nzuri. Lakini kujigeuza hataki. Hakuna kipimo cha uhakika? Jirani mwenye duka la dawa anataka kuja kumchoma diklofenaki, sindano ya kutuliza maumivu. – Msomaji, Pongwe, Tanga

JIBU: Marahaba. Mashine ya kupima maumivu haipo. Hata hofu tu hupandisha presha, na inaweza kutulia huku mtu anaumia vibaya. Kipimo ni kauli ya mgonjwa mwenyewe, ila inategemea kaulizwa akiwa katika hali gani. Mama kaulizwa kalala chali, hajatikisika, na nadhani wageni wamemzunguka na machupa ya uji. Hiyo mbili ni ya kulala. Mwombeni muuguzi amuulize akiwa anakohoa, kakumbatia mto tumboni, kisha akijiinua kuketi. Ikiruka hadi saba, iandikwe hiyo saba, dawa irekebishwe, na aulizwe tena dawa ikishafanya kazi. Namba zikimchanganya, achague: hakuna, kidogo, wastani, kali.

Kinachonichosha ni ndugu kumjibia. "Bi mkubwa jasiri huyu, hana neno." Nani kakuuliza wewe? Huku kwetu pwani mwanamke husifiwa kwa kunyamaza, basi naye ananyamaza, anapumua juu juu kwa kuogopa mshono. Makohozi yanabaki kifuani, nimonia inaingia. Miguu haitembei, damu inaganda. Halafu mnasema upasuaji ulikuwa mbaya. Na msinambie "mbona kalala usingizi". Mwenye maumivu naye husinzia kwa uchovu.

Jirani abaki dukani kwake. Huenda mama tayari anapewa diklofenaki hapo wodini, na dozi ya pili juu yake ni hatari kwa figo na tumbo. Hawa wachoma sindano wa mitaani hawasomi faili, wala hawaulizi mgonjwa kameza nini asubuhi. Tena maumivu yanayozidi badala ya kupungua, hasa yakija na homa au tumbo kuvimba, yanaweza kuwa usaha au damu inayovuja ndani. Ukiyazima kwa sindano ya uchochoroni, daktari anachelewa kujua. Kama mmeshampa chochote, hata panadol, mpelekeeni muuguzi paketi yake kabla ya dozi ya usiku.