The Bear na upande wa komedi

Kuna wanaosema Emmy, zile tuzo za televisheni za Marekani, walikosea kuiweka The Bear, tamthilia ya jikoni mwa mgahawa, kwenye komedi. Hapana, hawakukosea, watayarishaji wenyewe ndo wanaoipeleka The Bear upande wa komedi. Mwaka 2015 ilikuja sheria kwamba kipindi cha nusu saa ni komedi na cha saa nzima ni drama, ndo maana tamthilia ya Orange Is the New Black ikahamishwa kutoka komedi kwenda drama na mwigizaji wake Uzo Aduba akashinda pande zote mbili kwa mhusika yuleyule, ila hiyo sheria ya dakika ikafutwa 2021, sasa hivi mtayarishaji anachagua. Mi naona si haki kabisa kwa komedi za kweli, ile episodi ya 7 msimu wa kwanza wa The Bear mashine inatema karatasi za oda bila kukoma, watu wanafokeana jikoni, moyo unakudunda mwanzo mwisho.