Pesa ya kodi kwa programu huria: naongea kama niliyewahi kuila

Mkuu, umeuliza kwa nini kodi ilipie programu huria, yaani ile ambayo msimbo wake uko wazi na mwishowe kila mtu anaichukua bure, zikiwemo kampuni tajiri. Nimeishi kwa ruzuku ya namna hiyo miaka mitatu, kwa hiyo najibu kama mlaji, na kinyongo changu utakiona.

Hoja kwamba soko lingezitengeneza lenyewe bila kodi sitaisumbukia sana. TCP/IP, kanuni za mawasiliano ya intaneti zinazousafirisha ujumbe huu, iligharimiwa na DARPA, shirika la utafiti la wizara ya ulinzi ya Marekani, na DARPA hiyohiyo ikawalipa watu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waiingize kwenye toleo lao la mfumo endeshi wa Unix, na toleo la 4.2BSD likatoka nayo mwaka 1983. Postgres, programu ya hifadhidata, ilianza hapohapo Berkeley mwaka 1986. Msimbo wa Wavuti (World Wide Web) uliachiwa dunia nzima na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, Aprili 1993, na CERN inaendeshwa kwa michango ya nchi wanachama.

Ugomvi wangu uko kwingine. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na serikali nyingi hupenda kulipia mimba tu: kuanzisha programu, si kuitunza.

Mradi wetu ulikuwa wa chuo: programu ya kuchambua data za hali ya hewa, leseni huria. Ripoti ya kila mwaka iliuliza tumechapisha makala ngapi. Watumiaji wangapi, hitilafu ngapi zimerekebishwa, hakuna aliyeuliza. Pesa ikaisha, wenzangu wakatawanyika, nikabaki mimi na barua pepe za watu nisiowajua: "Imekataa kufunguka baada ya sasisho, tuna haraka." Nikawa naziba viraka usiku baada ya kazi ya mchana. Nilipoomba ruzuku ya matengenezo nikajibiwa kwamba ombi halina jipya la kiutafiti. Mara ya pili nikalipaka rangi ya akili unde. Likapita! Nusu ya muda ule nilirekebisha hitilafu kimyakimya, nusu nikaandika makala ambayo hata mimi sijairudia kuisoma.

Usidhani ni shida ya miradi midogo tu. Hitilafu ya usalama iitwayo Heartbleed ilipofichuka mwaka 2014 ndani ya OpenSSL, programu huria ya kusimba mawasiliano ya mtandaoni, seva nyingi mno duniani zilikuwa zinaitegemea, na michango iliyokuwa ikiufikia mradi ule ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka. Wajerumani walijifunza kitu: Sovereign Tech Fund yao, mfuko wa serikali ulioanza mwaka 2022, hulipia matengenezo yenyewe. GNOME, mradi wa mazingira ya eneo-kazi la Linux, walipata humo euro milioni 1 mwaka 2023.

Ila pesa ya serikali ina mkono. Mwaka 2003 DARPA ilikatiza fedha zilizokuwa zikiifikia OpenBSD, mfumo endeshi huria, kupitia Chuo Kikuu cha Pennsylvania, muda mfupi baada ya mwanzilishi wake, Theo de Raadt, kuisema vibaya vita ya Iraki gazetini. DARPA wenyewe hawakukiri kwamba ndiyo sababu. Basi usiutegemeze mradi mzima kwenye mfuko mmoja.

Umesema unaandaa ombi lako la ruzuku. Tenga fungu la matengenezo, liite kwa jina hilohilo, na utaje nani atashika mradi mwaka wa nne. Mimi sikuthubutu. Programu yangu sasa inashikwa na aliyekuwa mtumiaji wake, naye halipwi hata senti.